Sura ya Sita: Dakika Nne za Mwanga

Mlinzi wa mnara wa simu alirudia maneno yake kwa mara ya nne, na kwa mara ya nne Koplo akacheka.

"Taa zilizima," alisema mlinzi. "Zote kwa pamoja. Gari likaanguka gizani, nikasikia kishindo. Halafu, wakati mawe bado yanaporomoka, taa zikawaka tena kule chini korongoni. Nyeupe pee. Mimi nilikimbilia chumbani kwangu nikajifunika blanketi gubigubi, na sioni aibu kulisema."

"Jioni ile ulikuwa umekunywa nini, mjomba?"

"Maji ya bomba."

"Bomba la nani?"

"La mama yako, kijana. Endelea kucheka tu."

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na miwili, mwenye mazoea ya kumuuliza mtu swali lile lile mpaka jibu lichoke kudanganya. Jibu la mlinzi halikuwa limechoka. Mara zote nne halikuongezeka neno wala kupungua.

Walikuwa katika karakana ya polisi, banda refu la mabati nyuma ya kituo, saa tisa alasiri. Katikati ya sakafu lilisimama gari lenyewe, gari kubwa la kazi, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Paa lilikuwa limebonyea, kioo cha mbele hakikuwepo, na boneti ilikuwa imeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Juu ya keria ya paa zilipangwa taa nne za nyongeza, na mbili zaidi zilifungwa kwenye bampa.

Siku tisa zilizopita mwenye gari hilo, mfanyabiashara wa mbao, alilipeleka gizani nje ya kona ya tatu ya barabara ya msituni, akafa kabla watu hawajamfikia. Askari wa usalama barabarani waliandika kwamba alisinzia, kwa kuwa walikuta taa zote zinawaka. Lakini kaka wa marehemu alikuja kituoni akipiga meza: mfumo wa umeme wa gari lile ulikuwa umebadilishwa mwezi mmoja tu nyuma ili uzimudu taa za nyongeza, na aliyeubadilisha alikuwa fundi mzee mwenye mikono inayotetemeka. Fundi huyo alikuwa pia baba mkwe wa marehemu. Leo ilikuwa siku yake ya nne mahabusu. Kesho, saa nne asubuhi, jalada lilitakiwa kuwa mezani kwa mwendesha mashtaka, na shtaka lilikwisha kuandikwa kwa penseli: kusababisha kifo kwa uzembe kazini.

"Mlete," Inspekta alisema.

Mjini walimwita Mzee Cheche. Cheche moja ya betri iliwahi kumuunguza unyusi wa kushoto ujana wake na unyusi ule haukuota tena, hivyo alionekana kama mtu anayeshangaa upande mmoja tu. Aliingia kwa kandambili, bila mkanda wa suruali, akiishika kwa mkono. Alipoliona gari alisimama.

"Sogea, mzee. Nieleze kazi yako kana kwamba mimi ni mteja."

"Mteja hulipa, afande," alisema, lakini utani ule ulimfia mdomoni. Alilamba midomo. "Taa sita kama hizi zinakula umeme mwingi. Altaneta, ile ya kuzalisha umeme, iliyokuja na gari isingeweza. Niliitoa nikaweka kubwa. Nikaongeza betri ya pili. Nikapitisha waya mnene kama kidole changu cha mwisho, na fyuzi nikaiweka hapa, shubiri moja tu kutoka betri, ili waya ukikwaruzwa fyuzi ife kwanza kabla gari halijashika moto. Halafu hii rilei, swichi inayowashwa na swichi. Swichi ya dereva inaiamrisha rilei tu. Mzigo wenyewe haupiti kwenye swichi, ungeiyeyusha."

"Na zile taa kubwa za gari lenyewe?"

"Haziguswi." Aliinua kidole. "Hizi za nyongeza zikifa, zile za kiwandani lazima zibaki. Mtu akizichanganya kwenye karakana yangu, jioni hiyo hiyo namwambia asirudi."

"Basi kwa nini mlinzi huyu aliziona zikizima zote?"

Kidole kilishuka.

"Hilo ndilo linalonitoa jasho kule ndani, mama. Nina miaka sitini na minane. Labda niliunga kitu nikasahau. Labda mkono huu…" Aliutazama kama wa mtu mwingine. "Mume wa mwanangu, na mwanangu ni huyo huyo mmoja. Ananiletea chakula kila siku, anakiweka, anaondoka. Hanisemeshi. Kama ni mimi niliyemuua mumewe, afadhali unifunge leo usingoje kesho."

Inspekta alimpa testa na plaizi. "Tafuta."

Mzee aliinamia injini. Alianzia kwenye betri na kuufuata waya kwa ncha za vidole, taratibu, huku midomo ikicheza. Mikono yake ilitetemeka hadi ilipogusa waya, hapo ikatulia. Koplo alisogea karibu. Mlinzi wa mnara alisogea pia, ingawa hakuna aliyemwalika.

Vidole vilisimama.

"Fyuzi yangu iko wapi?"

Mahali pa fyuzi palikuwa na kidude cha bati, ukubwa wa kiberiti, kikiwa na skrubu mbili.

"Hiki si changu. Afande, hiki si changu! Unakijua? Fyuzi ikizidiwa inakufa, na ikifa imekufa, mpaka uweke nyingine. Hiki kikizidiwa kinapata joto ndani, kinakata. Kikipoa kinaunga tena. Chenyewe, bila mkono wa mtu."

"Mmesikia?" mlinzi wa mnara alipaza sauti. "Mmesikia sasa? Maji ya bomba!"

"Na ona huu," mzee aliendelea, sauti ikipanda. "Waya huu wa pili, unatoka hapa unakwenda taa kubwa. Mtu amezihamisha! Amezitoa kwenye njia ya kiwandani akazitundika zote kwenye kidude hiki. Kikikata, dereva anabaki na zile ndogo za pembeni, za kuwaonyesha wenzako uko wapi, si za kukuonyesha njia. Si mimi! Mwenyezi Mungu, si mimi!" Machozi yalimtoka, akawa anacheka hapo hapo. Akainama zaidi kuangalia kiungo cha waya ule wa pili.

Kicheko kilikatika.

Alibaki ameinama muda mrefu. Aliponyooka uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Umeona nini?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna. Macho ya uzee."

"Mzee."

"Nimesema hakuna, mama."

Inspekta alivaa miwani yake akainama mwenyewe. Viungo vyote vya waya vilifungwa kwa tepu nyeusi, na katika kila kimoja ncha ya tepu ilikunjwa ikaachwa imesimama kidogo.

"Hii ncha ni ya nini?"

"Sikio," alijibu mzee kwa shida. "Ili fundi atakayekuja baada yangu afungue kwa kidole, asitumie kisu akaukwaruza waya. Ni heshima tu."

"Mafundi wengine huliacha?"

"Wanakata. Wana haraka."

Inspekta alihesabu. Masikio kumi na moja yalikunjwa mara moja. Mawili, pale kwenye kidude cha bati na kwenye waya wa pili, yalikunjwa mara mbili, nadhifu, kwa vidole vyembamba kuliko vya mzee yule. Aliandika katika daftari lake na kulifunga.

"Unganisheni chaja," alisema. "Taa zilizopasuka wekeni nyingine za namna ile ile. Nataka kuona alichokiona dereva."

"Hakuna haja!" Mzee alisema haraka mno. "Kidude umekiona. Majaribio ya nini tena?"

"Kidude nimekiona. Muda wake sijauona."

Kazi ile iliwachukua nusu saa. Mlinzi wa mnara aliposikia kwamba banda litafungwa na taa zile zitawashwa, alikumbuka ghafla kwamba ana zamu. Milango ya banda haikuwa na komeo zima. Ilihitaji mtu wa kuishikilia kwa nje.

"Mimi nibaki ndani nawe, afande?" Koplo aliuliza kwa sauti ya chini, akimtupia jicho mzee. "Ana plaizi."

"Shikilia milango."

Milango ilisukumwa ikakutana. Mwanga wa alasiri ulibaki mistari miembamba kwenye matundu ya misumari, na Koplo akaegemeza mwili wake nje mpaka hata mistari ya mlangoni ikapotea. Inspekta alipanda kwenye kiti cha dereva. Kilikuwa kimepinda, kikamlaza upande. Chembe za kioo zililia chini ya viatu vyake. Usukani ulikuwa na doa kavu ambalo hakuligusa.

"Simama ukutani, mzee, nikuone. Nawasha."

Alibonyeza swichi. Rilei ililia, na banda zima likageuka jeupe. Ukuta wa mbele ulitoweka katika mwanga. Mzee Cheche alikuwa kivuli kirefu pembeni, mkono mmoja ukiwa umefunika macho.

Dakika moja. Inspekta alitazama saa yake. Dakika mbili. Hewa ilianza kunuka vumbi linaloungua juu ya vioo. Alijilazimisha kutazama mbele, kama dereva. Dakika tatu. Chaja iliunguruma. Macho yalimwuma, na kila alipoyafumba aliona duara nyekundu. Dakika nne. Akaanza kudhani amekosea.

*Tak.*

Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayevunja njiti. Giza lililokuja baada yake halikuwa giza la kawaida. Lilikuwa zito, limejaa mwanga uliokufa. Aliinua mkono mbele ya uso asiuone. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye breki na kuikanyaga hadi mwisho. Breki haikuwa na mafuta tena tangu ajali. Ilizama bila kukutana na kitu. Akajua basi, kwa unyayo wake, marehemu aliondokaje duniani.

Moja, alihesabu. Mbili. Tatu.

Kandambili ziliburuzika sakafuni.

"Mzee? Baki hapo ulipo."

Kandambili hazikujibu. Zilikuwa zinakuja. Saba. Nane. Inspekta alipapasa kiunoni akitafuta tochi, akakumbuka ameiacha mezani ofisini. Pumzi ya mtu mwingine ilikuwa karibu sasa, mbele yake, pale ambapo kioo cha gari kilipaswa kuwepo. Hakuna kilichowatenganisha.

"Nimesema usisogee!"

Kumi na tatu. Chuma kiligusa chuma. Halafu, *kach*, mdomo wa plaizi ukafumba. Kitu kikadondoka sakafuni, chepesi sana. *Kach.*

Kumi na tisa. Ishirini.

*Tak.*

Mwanga uliporudi, Mzee Cheche alikuwa ameinamia injini, uso wake umbali wa mkono mmoja kutoka kwa Inspekta. Plaizi ilikuwa wazi kwenye vidole vyake. Hakumtazama. Alikuwa akilia bila sauti, na kwenye kiungo cha waya ule wa pili sikio halikuwepo tena. Wala kwenye kidude cha bati.

Inspekta alizima swichi.

"Koplo! Fungua." Kisha, kwa mzee: "Weka plaizi chini. Umejisumbua bure. Nimeshaandika. Masikio mawili, yamekunjwa mara mbili."

Plaizi ilianguka. Milango ilifunguka kidogo, mwanga wa jua ukaingia.

"Ni mimi," alisema mzee. "Niandike mimi. Niliweka mwenyewe."

"Nusu saa iliyopita ulikuwa unalia kwa furaha kwamba si wewe."

"Nilikuwa nadanganya."

"Haya. Kidude ulikiweka lini?"

"Siku… siku ile ile aliyokufa."

"Siku ile ulikuwa kwenye shule ya wasichana tangu alfajiri, unafunga jenereta. Mwalimu mkuu na wapishi wawili wamenieleza ulivyowagombeza kuhusu ngazi."

"Basi siku ya kabla yake."

"Siku ya kabla yake alisafiri kwa taa zake zote, kutoka mji hadi mji, na hazikuzima. Nani alijifunza kazi kwako?"

"Wengi."

"Nitajie mmoja."

Mzee alitazama plaizi sakafuni. Unyusi wake mmoja ulikuwa umeinuka, ule mwingine usiokuwepo ukiacha uso wake nusu uchi.

"Nitakuuliza la mwisho," alisema Inspekta, "na ukilijibu vizuri nitaliandika jina lako kwa wino. Kidude hiki huuzwa kwa ukubwa mbalimbali, sivyo? Kingekuwa kidogo zaidi, taa zingezima kabla hajabadili gia. Kingekuwa kikubwa zaidi, zisingezima kabisa. Aliyekiweka alipiga hesabu ya mzigo, akachagua kimoja kinachokata baada ya dakika nne. Kwa nini nne?"

"Nilikisia."

"Mtu anayeacha sikio kwenye tepu hakisii, mzee. Kwa nini nne?"

"Kwa sababu lami inapoishia mpaka getini kwetu ni dakika nne," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Koplo aligeuka kama aliyeungua. Mwanamke kijana alikuwa amesimama nyuma yake, ndani ya nguo za msiba, na chombo cha chakula mikononi. Amesimama tangu lini, Koplo baadaye hakuweza kueleza.

"Rudi nyumbani!" Mzee Cheche alifoka. "Afande, usimsikilize. Ana msiba, hajalala, hajui analosema."

"Baba, keti."

Mzee alikaa. Alikaa pale pale sakafuni, kwenye chembe za kioo.

Inspekta alishuka garini. "Unafahamu kwamba nikianza kuandika siwezi kufuta?"

"Nafahamu." Binti aliweka chombo chini kwa uangalifu. Vidole vyake vilikuwa vyembamba. "Lami ikiisha barabara inagawanyika. Kushoto kwetu, kulia msituni. Pale ndipo alipokuwa akiziwasha, kila siku, akija nyumbani. Zikipiga ukuta wa chumba cha kulala najua nina dakika nne. Namlaza mtoto chini ya kitanda. Naficha visu. Naosha tena sahani ambazo ni safi. Zilipokuwa taa mbili za kawaida nilikuwa na mahali pa kusimama asinione. Alipoongeza hizi sita nyumba nzima ikawa nyeupe, mpaka uani, mpaka nyuma ya choo."

"Ukataka afe."

"Nilitaka zizime getini. Pale anakwenda mwendo wa miguu, angegonga nguzo ya geti, basi. Ishirini tu, afande. Ukihesabu moja mpaka ishirini, mlango wa nyuma hadi barabarani unafika. Nilijaribu mchana, na mtoto mgongoni. Asubuhi ile alilala sana. Niliifanya kazi yote akiwa amelala, kama Baba alivyonifundisha."

"Na jioni hakugeuka kushoto."

"Nilikuwa dirishani. Nimemfunga mtoto, begi liko mkononi. Niliziona zikiwaka, nikaanza kuhesabu. Halafu nikaona zinakwenda kulia, zinapanda. Sikuwa na simu, alikuwa ananinyima. Nilipiga kelele. Mtoto akaamka. Niliendelea kuhesabu, sijui kwa nini. Nilifika dakika nne."

Koplo alivua kofia, akaivaa tena.

Mzee Cheche alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, kama anayekataa bei. Kioo kilikuwa kimemkata kiganjani, na hakuwa na habari.

"Mwanangu," alisema. "Mimi ni baba yako. Kwa nini hukuniambia?"

Binti alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi.

"Nilikuambia mara mbili. Mara ya kwanza ulinirudisha kwake mwenyewe, ukasema nijifunze kunyamaza. Mara ya pili ulikuwa umelala chini ya gari hili, unapitisha waya wa taa hizi. Nilikuonyesha shingo yangu. Ukaniambia nisogee nikushikie tochi."

Inspekta alikuwa ametoa kalamu. Alijikuta akiuliza swali ambalo halikuwa la jalada.

"Ukaishika?"

"Nikaishika, afande," alisema binti. "Mpaka alipomaliza."